Pasipoti ya Haraka Huanzia Kijijini

Mwezi uliopita binamu yangu alinipigia simu usiku. Mwanawe amepata ufadhili wa kusoma Uturuki, barua inamtaka awe chuoni baada ya wiki chache, na pasipoti hana. Swali la binamu lilikuwa lile ninaloulizwa na watu wengi wanaojua habari zetu: "Dada, pale Uhamiaji unamjua nani?" Nikamjibu kwa swali: "Wewe mwenyewe una cheti cha kuzaliwa?" Akanyamaza. Alidhani sikumsikia vizuri, akanirudia kwamba anayesafiri ni kijana, si yeye.

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Tukisikia safari ya ghafla tunawaza lile dirisha la mwisho, pale ofisa anapokukabidhi kijitabu kipya. Tunatafuta wa kutupitisha kwenye dirisha hilo. Lakini ninavyojua mimi, kwa yale yaliyotupata mwishoni mwa mwaka 2019, wiki zinazoponyoka huponyoka kabla faili halijafika Uhamiaji. Huponyoka kwenye ofisi ya wilaya, kwenye daftari la kanisa, kwenye jina la marehemu lililoandikwa kwa namna tatu. Nimeona niyaandike, kwa kuwa kila anayenipigia namwambia kipande tu, na kipande hakitoshi.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, alipatikana na saratani ya damu. Alianza dawa Dar es Salaam, na baada ya miezi kadhaa ugonjwa ukatulia. Ndugu wengine walidhani amepona. Daktari alituita akatueleza kwa utulivu kwamba kutulia si kupona. Ndiyo nafasi yenyewe ya kupandikiza uloto, na nafasi hiyo haikai muda mrefu. Ugonjwa ukirudi, dawa zinaanza upya kwenye mwili uliokwisha kuchoka. Wakati huo upandikizaji wa uloto ulikuwa haujaanza nchini kwetu. Muhimbili ilianza mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kuwatibu watoto wenye selimundu kwa njia hiyo mwaka 2023. Kwetu sisi njia ilikuwa India.

Anayefaa zaidi kutoa uloto ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na hata kwa ndugu hao uwezekano wa kulingana kabisa ni mmoja kwa nne. Tulipimwa wote tuliobaki. Jibu lilipokuja, aliyelingana ni mimi peke yangu. Niseme wazi kwamba nililia kwa furaha kwanza. Kisha mume wangu akauliza swali la kawaida kabisa: "Una pasipoti?" Sikuwa nayo. Nilikuwa mwalimu wa shule binafsi Mbagala, safari zangu zote zilikuwa za Tanga na Lushoto, na hakuna aliyewahi kunidai pasipoti huko.

Mdogo wangu alikuwa nayo, ya zamani, aliyoitafuta alipokuwa akienda Dubai kufuata simu za kuuza Kariakoo. Ilikuwa na miaka imebaki ndani yake. Lakini pasipoti ya kielektroniki ilikuwa imezinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 31 Januari 2018, na zile za zamani zilitangaziwa mwisho wa kutumika Januari 2020. Safari ya matibabu ya miezi mingi isingeweza kuanza na kijitabu kinachokufa njiani. Tukawa tunahitaji pasipoti mbili, ya mgonjwa na ya mtoaji, na hakuna iliyokuwa na maana bila mwenzake.

Nilipanda daladala mpaka Uhasibu, nikaenda ofisi za Uhamiaji Kurasini kuuliza. Ofisa wa mapokezi alinipa orodha bila kunung'unika: cheti changu cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi au kiapo, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), picha, barua ya maombi, na uthibitisho wa safari. Ada ilikuwa Sh150,000, kutoka Sh50,000 ya pasipoti ya zamani. Nilitoka nimeshika karatasi ile nikiona kazi ni ndogo. Ada ilikuwepo, picha ni za dakika chache, na barua naweza kuiandika mwenyewe. Ni usiku ule, nilipoanza kupekua sanduku la nyaraka, ndipo nilipoona kwamba sina cheti cha kuzaliwa, na kwamba baba yangu, aliyekwisha kufariki, hakuwahi kuwa nacho maisha yake yote.

Kabla ya hapo, hata hivyo, kulikuwa na suala la uthibitisho wa safari. Hospitali ya Mumbai iliyokubali kumpokea mdogo wangu iliandika kwamba itatuma barua ya mwaliko kwa ajili ya viza, lakini ndani ya barua hiyo lazima ziandikwe namba za pasipoti za mgonjwa na mtoaji. Uhamiaji nao wanataka ushahidi wa safari ndipo watoe pasipoti. Kila upande ulikuwa na haki yake, na sisi tulikuwa katikati. Aliyetunasua ni daktari wetu. Aliandika barua fupi yenye muhuri wa hospitali akieleza ugonjwa, tiba inayotakiwa, nchi tutakayokwenda, kwa nini mimi ni lazima niwemo, na kwa nini tiba isipofanyika katika miezi ile huenda isifanyike tena. Ile sentensi ya mwisho ilifanya kazi kuliko zote. Tangu hapo kila anayeniuliza namwambia: barua ya daktari isiishie kusema mtu anaumwa, iseme pia tarehe inabana vipi.

Nje ya lango, niliporudi Kurasini siku nyingine, kijana mmoja nadhifu alinifuata akaniita mama, akaniuliza kama nina haraka. Alitaja bei mara mbili ya ada ya serikali na kusema ndani ya siku chache nitakuwa nimeshika pasipoti yangu. Sitamlaumu mtu aliyewahi kuwalipa vishoka akiwa na mgonjwa nyumbani. Hofu hufanya masikio yasikie kile yanachotaka kusikia. Lakini nilimuuliza swali moja: cheti cha baba yangu utakipata wapi? Akasema hayo niachie mimi. Hapo nikaondoka. Pasipoti ya sasa ina chipu inayobeba picha na taarifa za mwenyewe, na alama za vidole hakuna wa kuzitoa kwa niaba yako. Kwa hiyo alichokuwa anauza kijana yule ni karatasi za kughushi kwenye faili ambalo kesho lingenifanya mimi, si yeye, niulizwe uraia wangu. Nimeshaona mtu akizuiwa miezi kwa cheti cha kuzaliwa ambacho RITA, wakala wa usajili wa vizazi, walipokihakiki hawakukiona kwenye daftari lao. Alikuwa Mtanzania halali, wa wazazi halali, aliyenunua karatasi kwa sababu ya haraka.

Nikapanda basi la alfajiri kutoka Ubungo kwenda kwetu Mlalo, Lushoto.

Mvua za vuli za mwaka ule zilikuwa kubwa. Kutoka Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto lami ilipitika, lakini kutoka Lushoto kwenda Mlalo gari lilikuwa likiteleza kwenye udongo mwekundu, na sehemu mbili abiria tulishuka tukapanda kilima kwa miguu. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: mdogo wangu damu yake ikoje leo. Anayesafiri na saa ya mgonjwa kichwani huona kila kona ya barabara imeongezwa.

Kwa mtu mzima ambaye hakusajiliwa alipozaliwa, utaratibu ni usajili wa kuchelewa, na maombi yake huenda wilaya alikozaliwa. Sheria inataka mtoto asajiliwe ndani ya siku 90. Baada ya hapo kila mwaka unaopita unaongeza maswali. Ofisi ya wilaya walitaka cheti changu cha kumaliza darasa la saba, kadi ya ubatizo, barua ya mtendaji wa kijiji, na majina kamili ya wazazi. Ni kwenye majina ndipo tulipozama. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu, alichokipata wakati wa safari za Dubai, kilimwandika baba yetu Yohana. Cheti changu cha shule pia kilisema Yohana. Lakini namba ya NIDA ya baba, aliyoipata miaka michache kabla hajafariki, ilisema John, kwa kuwa aliyekuwa akiandika siku ile aliona ndivyo jina linavyoandikwa kisasa. Na kanisani, kama nilivyokuja kuona, alikuwa Johannes.

Misheni ya Kilutheri ya Mlalo ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1891. Baba yangu alibatizwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wamisheni Wajerumani wakiwa bado wapo, kabla vita havijawaondoa. Enzi zile za Waingereza serikali haikuwa ikimlazimisha Mwafrika wa kijijini kusajili mtoto wake. Hakuna daftari la serikali lililowahi kuandika kwamba baba yangu amezaliwa. Kanisa liliandika. Mzee wa kanisa alinitolea daftari kubwa lenye jalada lililochakaa, akalifungua juu ya meza ya sakristia taratibu sana, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Alipolipata jina la babu na bibi, na chini yake Johannes na tarehe, alinitazama akasema, "Mwanangu, huyu ndiye."

Niliona pale jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Baba alilipa kodi ya kichwa, alipiga kura, alijenga shule ya kijiji kwa kubeba mawe, alizaa na kusomesha. Hakuna aliyewahi kutilia shaka kwamba ni mtu wa Mlalo. Lakini siku ambayo mwanawe anahitaji kuthibitisha uraia ili akamtolee nduguye uloto, uhai wote huo haukuwa ushahidi, na mstari mmoja wa wino wa mchungaji mgeni ndio ulikuwa. Sisemi serikali isidai ushahidi. Wilaya yetu inapakana na Kenya, watu wamevuka mpaka kwa kuoana na kuchunga kwa vizazi, na ofisa ana wajibu wa kuuliza. Ninachosema ni kwamba kizazi cha wazee wasioandikwa popote hakikujinyima karatasi kwa uzembe. Karatasi hazikuletwa kwao. Na deni hilo leo linalipwa na watoto na wajukuu, tena wakati mbaya kuliko wote.

Daftari la kanisa peke yake halikutosha, kilitakiwa kiapo. Wa kuapa alitakiwa awe mzee wa ukoo anayejua kuzaliwa kwa baba. Tulikuwa na mmoja tu, shangazi yetu, dada wa baba, aliyekuwa na zaidi ya miaka themanini. Tulimbeba kwa bodaboda mpaka barabarani, kisha kwa gari mpaka mbele ya hakimu. Alisimama amejifunga khanga mbili na sweta, akaulizwa kama anamfahamu marehemu. Akasema, "Nilimbeba mgongoni." Hakimu aliandika, akamsomea, akamweleza kwamba kiapo hicho kinasema pia kuwa Johannes, Yohana na John ni mtu mmoja. Shangazi akatia dole gumba. Mkono wake ulikuwa unatetemeka na karani alimsaidia kwa upole, bila kuusukuma.

Shangazi alifariki mwaka uliofuata. Kama tungechelewa mwaka mmoja, sijui nani angeapa. Nikikumbuka mkono ule naona wazi kwamba haraka yetu yote ilikuwa imening'inia kwenye uhai wa mama mmoja mzee, na kwamba familia nyingi zimekwisha kumpoteza wa kwao bila kujua alikuwa na kazi hiyo iliyobaki.

Nilirudi Dar es Salaam nikiwa na maombi ya cheti yaliyokamilika, na cheti chenyewe kikafuata. Ya NIDA yalikuwa na taabu nyingine. Mwaka ule serikali ilikuwa imeagiza laini zote za simu zisajiliwe kwa alama za vidole, na bila namba ya NIDA husajili. Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba, kabla ya kusogezwa hadi 20 Januari 2020. Nchi nzima ilikuwa kwenye foleni. Watu walikuwa wanafika ofisi za NIDA usiku, wanaandika majina kwenye daftari la shule, wanalala kwenye vibaraza vya maduka. Mimi nilikuwa nimeshasajiliwa zamani ila jina la baba lilihitaji kurekebishwa lifanane na cheti kipya. Niliingia foleni kama wengine. Pale nyuma yangu alikuwepo baba mmoja mwenye barua ya kijana wake aliyekwama uwanja wa ndege wa nchi ya Ghuba, na mbele yangu mama muuza mboga aliyeogopa kupoteza laini yenye akiba yake ya simu. Dharura zetu zilikuwa hazilingani, lakini dirisha lilikuwa moja na halikuwa na namna ya kuzitofautisha. Yule baba hakuwa na wa kumwambia. Na ofisa, hata angetaka kumsaidia, hakuwa na kifungu cha kumruhusu kumpitisha mbele ya watu waliolala pale.

Watu wenye nia njema walinishauri nichukue hati ya dharura ya kusafiria, kwa kuwa hutolewa upesi. Hati hiyo ni ya kweli na ina kazi yake: imewafikisha wengi Nairobi, Kampala au Lusaka kwenye msiba. Lakini India walitaka pasipoti kamili, yenye uhai wa miezi sita au zaidi na kurasa mbili tupu. Ukitaka kujua hati gani itakufaa, anza na masharti ya nchi unayokwenda ndipo urudi kwenye ofisi ya kwetu. Nimeona watu wakifanya kinyume chake na kupoteza siku ambazo hawakuwa nazo.

Siku ya kumpeleka mdogo wangu Kurasini kuchukuliwa picha na alama za vidole ndiyo ninayoisimulia kwa uchungu na kwa shukrani pamoja. Alikuwa amevaa barakoa wakati ambapo hakuna mtu mwingine aliyevaa, na watu walimkwepa. Dawa zilikuwa zimeuvimbisha uso wake, nywele hakuna. Picha ya pasipoti ya zamani ilikuwa ya kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Ofisa wa kike aliyeshika pasipoti ile alimtazama, akaitazama picha, akamtazama tena. Nikatoa barua ya daktari. Aliisoma yote, mpaka chini. Kisha akainuka, akazungumza na mkubwa wake, akarudi akamwambia mdogo wangu, "Kaka, vua barakoa kidogo tu nikupige picha, halafu uivae upesi." Hakutusubirisha kwenye benchi. Mafaili yetu mawili aliyafunga pamoja kwa pini, akaandika juu yake kwa mkono kwamba yasitenganishwe.

Mimi niliulizwa maswali zaidi, kwa kuwa ndiyo mara yangu ya kwanza. Ofisa mwingine alitaka kujua kijiji chetu, shule niliyosoma, mwalimu mkuu wa wakati ule, ndugu wa baba wanaoishi upande wa pili wa mpaka kama wapo. Nilijibu yote. Hakuwa mkali. Aliposoma kiapo cha shangazi na nakala ya daftari la kanisa alifunga faili na kusema limekamilika. Kwa jinsi ninavyoelewa sasa, faili lililokamilika ndiyo haraka yenyewe. Pasipoti zetu zilitoka baada ya siku chache tu. Wiki zote zilizotangulia zilikuwa za Mlalo, za wilayani na za NIDA.

Lakini je, kama ofisa yule wa kike angekuwa likizo siku ile? Hili ndilo linaloniuma. Tulisaidiwa na huruma ya mtu mmoja aliyesoma barua mpaka mwisho. Wengine wanafika siku ambayo aliyepo amechoka. Uingereza wana huduma ya pasipoti ya wiki moja, na nyingine ya siku mbili kwa wanaohuisha, kwa ada kubwa zaidi. Uganda nao wana huduma ya haraka kwa atakayelipa zaidi. Njia hiyo inapunguza vishoka, nakubali, kwa kuwa fedha ya haraka inaingia serikalini. Hata hivyo inampa nafasi ya mbele mfanyabiashara anayewahi maonyesho na kumwacha nyuma mama wa Tandahimba ambaye mtoto wake anasubiri upasuaji. Marekani wana kitu kingine ambacho kwangu ni bora: ndugu wa karibu akiwa mahututi au amefariki nje ya nchi, upo utaratibu ulioandikwa wa kumhudumia msafiri, na kinachodaiwa ni barua ya hospitali au cheti cha kifo. Mtu anajua kabla hajatoka nyumbani abebe nini. Sisi tungeweza kubandika ukutani, Kurasini na katika kila ofisi ya mkoa, karatasi ya namna hiyo: nani ana dharura, barua gani inaithibitisha, faili linajibiwa baada ya siku ngapi. Ofisa mwema angepata kifungu cha kusimamia, na asiye mwema angekosa cha kuuza.

Tuliondoka Januari 2020 kwa ndege ya Air Tanzania, iliyokuwa imeanza safari za moja kwa moja za Mumbai Julai 2019. Viza za matibabu zilipatikana bila shida mara tu namba za pasipoti zilipopatikana. Hospitali kule walitaka kuthibitisha kwamba mimi na mgonjwa ni ndugu wa damu, na pamoja na vipimo vyao walichukua vyeti vyetu viwili vya kuzaliwa wakaviweka sambamba. Baba: Yohana. Baba: Yohana. Mwezi Februari walichukua uloto wangu kwenye mfupa wa nyonga nikiwa nimelazwa usingizi kwa dawa, na jioni ile ile ukaanza kuingia mwilini mwa mdogo wangu kwa mpira, kama damu ya kawaida.

Tarehe 13 Machi India ilisitisha karibu viza zote za wageni. Usiku wa tarehe 24 Waziri Mkuu Narendra Modi alitangaza kwamba nchi nzima inafungwa, na barabara ya chini ya chumba chetu ikawa tupu. Tulikuwa ndani tayari, chembe mpya za damu zimeanza kuota. Serikali ya India iliwaongezea muda wa viza wageni waliokwama, na mwezi Mei ndege ya Air Tanzania ilikuja Mumbai kuwachukua Watanzania, tukarudi nayo. Tulikuwa tumefahamiana kwa simu na familia moja ya kutoka kwetu iliyokuwa na mgonjwa wa aina ile ile. Mtoaji wao alikuwa bado anafuatilia cheti cha mzazi wilayani wakati mipaka inafungwa. Sikuwahi kupata ujasiri wa kuuliza yaliyofuata.

Mdogo wangu yu hai, ana duka lake, na mwaka jana amepata mtoto wa kike. Mtoto alisajiliwa akiwa na wiki chache, bure, chini ya mpango wa RITA wa watoto wa chini ya miaka mitano ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusogeza usajili kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa ni kama robo tu ya watoto wa umri huo waliokuwa wamesajiliwa nchini. Mpango huu unafuta deni la kesho. La jana bado lipo, nalo liko mikononi mwa wazee ambao kila mwaka wanapungua.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wenye wazazi walio hai. Likizo hii ukienda kijijini, kaa nao uandike tarehe na mahali walipozaliwa, majina ya wazazi wao, na kila namna majina yao yalivyoandikwa kwenye kadi ya ubatizo, cheti cha ndoa, kadi ya kura na NIDA. Kama yanapishana, yarekebishwe sasa, hakimu akiwa anaweza kumuuliza mwenyewe. Kisha uende nao ofisi ya wilaya walikozaliwa ukawaombee cheti, wakiwa bado na nguvu za kupanda gari na kutia dole gumba.